Pembe Isiyofagiwa

Dorica alifagia chumba chote isipokuwa pembe moja. Alianza mlangoni, akazunguka kitanda, akapita chini ya ubao wa masufuria, na alipofika pale gobori lilipoegemea ukuta, limefunikwa kipande cha blanketi kuukuu, ufagio wake ulikata kona ukarudi mlangoni. Mwanamke hagusi bunduki ya mumewe, hairuki, wala hapitishi ufagio karibu nayo. Ndivyo mzee Kafula alivyoagiza siku silaha hiyo ilipoingia nyumbani. Vumbi la pembe ile lilikuwa limejikusanya tangu mvua zilizopita, na buibui walishajenga mji. Sampa, mumewe, alilitazama kutoka kitandani akahisi kuchoka, ingawa ndiyo kwanza kunakucha.

Zamani Dorica alikuwa akifagia huku akimsimulia habari za jirani. Siku hizi alifagia tu.

Hakuna aliyemlazimisha Sampa kununua bunduki, na hilo ndilo lililomuuma. Ilikuwa miaka ile nyavu za nailoni zilipoanza kuingia Nchelenge, kando ya ziwa, na kila mke wa mvuvi alizishika dukani kwa vidole viwili na kuota. Nyavu za pamba zilikuwa zikioza. Ungezianika, ungezishona, ungezibembeleza, zilioza tu. Dorica alitwanga muhogo wa watu, akauza samaki wakavu kwa wachuuzi wa malori yaliyokwenda migodini, akaweka akiba kidogo kidogo mpaka ikatosha wavu mmoja. Sampa ndiye aliyetumwa kuununua. Akavuka hadi kisiwa cha Chisenga, ambako alisikia zinapatikana kwa bei nafuu, na akarudi na gobori.

Aliyemuuzia alikuwa mchuuzi mnene wa samaki, mzaliwa wa Kasenga, ng'ambo ya Kongo.

“Angalia, mukubwa,” alimwambia, akiupapasa mtutu. “Hii bunduki haina neno. Baba yangu aliuaka nayo mbogo, aliuaka nayo kiboko. Bavuvi beko bengi hapa. Mutu wa bunduki, eko wapi?”

Maneno hayo yalimpata Sampa pabaya. Alikuwa mtu mzima mwenye binti katika shule ya misheni, mtu asiyekosa kwenye msiba wala kwenye harusi, na bado penye kikao wazee walimwonyesha nafasi karibu na mlango. Hakuna aliyewahi kunyamaza ili asikie Sampa anasema nini. Alilishika lile gobori akahisi uzito wake, na uzito ule ukamwingia kichwani.

Si kwamba hakujua kununua. Mtumbwi hakuutolea hata senti kabla ya kuupima kwa uzi wa nyavu. Aliuvuta uzi ukakaza kutoka kichwani mwa chombo hadi mkiani, akafumba jicho moja, na palipokuwa na kombo, kombo lilijitangaza lenyewe. Kasia alilipima hivyo hivyo. Wavuvi wote wa ufuko ule walifanya hivyo, na uzi wenyewe ulikuwa mfukoni mwake siku ile kule Chisenga. Lakini bunduki ilikuwa kitu cha wakubwa. Aliona haya kuipima kama kasia mbele ya watu.

“Utavulia samaki kwa hiki?” Dorica aliuliza alipokiona kilichotoka ndani ya mtumbwi.

“Viboko wanamaliza mashamba, Bana Musonda. Watu wanahitaji mtu.”

Bana Musonda, maana yake mama wa Musonda, binti yao, aligeuka. Aliingia jikoni akapika ugali, akautenga mbele ya mumewe kwa heshima zote, na Sampa akala akijua kwamba angetukanwa angeshiba vizuri zaidi.

Baada ya cheti cha bunduki kupatikana Boma, ofisi ya serikali kule Kawambwa, alikuja mzee Kafula. Huyu alikuwa mwindaji enzi zake, mpaka baruti ilipomlipukia ikampofusha jicho la kushoto. Sasa Jumapili alipitisha sahani ya sadaka kanisani na siku nyingine aliangalia mambo ya watu kwa jicho lililobaki. Alifurahi kweli kweli kuona bunduki nyingine kijijini. Akaketi, akanywa maji, akaanza kutaja miiko. Mwindaji asilale na mkewe kabla ya safari. Mke asigombane na mtu, asitembee nyumba za watu, moto wake usizimike mpaka mume arudi. Na kabla mume hajatoka, waungamiane, kila mmoja aseme alilonalo moyoni, kwa maana mke akiwa na mwanamume mwingine risasi hupotea njia na mnyama humgeukia mwindaji.

“Bunduki haikosi,” alisema Kafula, akiinuka. “Nyumba ndiyo inayokosa.”

Sampa aliyapokea hayo yote kama mtu anayepewa vifaa vya kazi. Dorica, aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango kama ipasavyo mbele ya mzee, alijibu, “Ndiyo, mukwai,” ndiyo bwana, naye hakuona la kuogopa. Nyumba yake aliijua.

Mara ya kwanza Sampa alipolenga kiboko, risasi ilipiga maji. Watu walisema ni ugeni. Mara ya pili ikapiga maji, na ya tatu pia, upande ule ule wa matete, na sasa watu hawakusema kitu mbele yake, jambo ambalo ni baya zaidi. Lisemwalo lipo, walisema nyuma yake, na kama halipo laja. Wanawake kisimani walianza kumpisha Dorica kwa adabu iliyozidi.

Ni Mable peke yake ambaye hakubadilika. Mable alikuwa mjane wa Fanwell, na Fanwell alikuwa mwenzake Sampa wa mtumbwi mmoja tangu ujana, mpaka dhoruba ilipomchukua mwaka uliotangulia ununuzi wa bunduki. Sampa mwenyewe ndiye aliyembeba kumtoa majini. Uani kwa Mable na uani kwa Dorica palitenganishwa na ua wa matete tu, na kila alasiri wanawake hao wawili walitwanga muhogo katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka, wakipokezana bila kutazama. Mdundo wao uliwahi kumlaza Sampa usingizi mara nyingi. Kwa sauti ile mtu alijua nyumbani kuko salama.

Lakini shaka ni mgeni asiyeaga. Mwanzoni Sampa alimuuliza mkewe kwa utani kabla ya kutoka: “Bana Musonda, hakuna jambo?” Dorica akacheka, “Jambo liko wapi na wewe umelala mlangoni?” Safari iliyofuata aliuliza bila utani. Iliyofuata, aliuliza akimtazama usoni, na Dorica akajibu, “Hakuna,” kisha akasema tena, “Hakuna,” ingawa hakuulizwa mara ya pili. Tangu hapo swali lile likawa kama salamu ya nyumba. Kila mara jibu lilitoka limepungua nguvu, kwa kuwa hata ukweli huchakaa ukivaliwa kila siku.

Kisha, mwezi wa Septemba, risasi ya Sampa ikampata kiboko. Haikumwua. Ilimchana sikio la kushoto alipokuwa amempa mgongo, na mnyama aliyekuwa mwizi wa mashamba tu akageuka adui. Alihamia kwenye mlango wa matete ambako mitumbwi yote hupita, akakaa hapo kama amepewa cheo. Aliupindua mtumbwi wa Chola, akamsaga mguu. Chola akabebwa kwenye machela akilia kwa sauti ambayo watoto waliiiga kwa wiki nzima, wakachapwa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutega. Malori yalikuja ufukoni yakarudi matupu. Ugali ukaanza kuliwa kwa majani ya muhogo asubuhi na jioni, na kila jani lilitafunwa likitajwa jina la Sampa.

Asubuhi moja Kafula alikuja pamoja na Olipa, dada mkubwa wa Sampa, na wanawake wawili wa kanisa. Sampa aliambiwa akae nje. Alikaa chini ya upenu wa nyumba yake mwenyewe, na kuta za udongo hazizuii sauti.

“Hatukuja kukuhukumu, wifi,” Olipa alisema. “Hakuna atakayekupiga. Lakini kesho ndugu yangu anaingia matete. Amejeruhi mnyama, ni lazima ammalize, hayo ndiyo masharti. Ukinyamaza, tutakayemchukua kutoka majini ni yeye.”

“Sina la kusema.”

“Kila mtu ana la kusema,” alisema Kafula.

“Sina, mukwai. Mungu ananiona.”

“Mungu anakuona, na kiboko naye anakuona. Taja jina tu, mama. Jina halina uzito. Likitoka, risasi inanyooka.”

Walimwuliza mpaka jua likapanda. Hawakupaza sauti, na Olipa alilia kwa dhati, kwani alimpenda ndugu yake. Sampa angeweza kuinuka. Mlango ulikuwa wake. Angeingia akasema, imetosha, mke wangu amejibu. Lakini alibaki pale akichora mistari vumbini kwa kijiti, kwa kuwa, aibu iliyoje, naye alitaka kusikia.

“Fanwell,” alisema Dorica.

Olipa akashusha pumzi, akashukuru. Sampa alikitazama kijiti mkononi mwake akaona kimevunjika.

Kesho yake alikaa mbele ya mtumbwi, gobori magotini, na Kafula nyuma akipiga kasia taratibu. Sampa hakuwa amelala. Kichwani mwake aliwaona Fanwell na Dorica kila mahali walipowahi kukaa watu watatu: kwenye moto wa kukausha samaki, kwenye benchi la kanisa, kwenye mazishi ya mama yake. Alimtafutia mkewe kosa katika kila kicheko cha zamani na alilipata. Kiboko alipoibuka mbele yao, mweusi, akipumua, Sampa aliinua bunduki akalenga kichwa kama alivyolenga siku zote.

“Piga,” Kafula alinong'ona nyuma yake. “Fanwell hayupo tena kati yako na bunduki.”

Aliposikia jina lile mikono yake iliruka upande wa kulia, na moto ukatoka. Moshi ulipoondoka, kiboko alikuwa akizama, na baada ya muda mrefu akaelea.

Kijiji kizima kilikula. Nyama ilikatwa, mafungu yakapelekwa kwa chifu, kwa mwalimu, kwa Chola na mguu wake. Kafula aliinua kipande cha mafuta juu akasema mbele ya wote kwamba bunduki haikosi. Sampa aliwekewa kiti. Wanaume walinyamaza ili kila mtu asikie anachosema Sampa, na Sampa, aliyeisubiri siku hiyo nusu ya maisha yake, hakuwa na neno hata moja.

Siku hiyo Mable hakuja kuchukua fungu lake. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia midomo ya wanawake wa kanisa, ambao waliahidi kutosema. Alasiri yake Dorica alitwanga peke yake. Mchi wa Mable ulibaki umeegemea ukuta wa jikoni pale alipouacha, na hakuna aliyekuja kuuchukua wala aliyeusogeza. Mdundo wa mchi mmoja ni mrefu. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na katika nafasi ile Sampa hakupata tena usingizi.

Hakumfukuza mkewe. Watu walimsifu kwa moyo wake mkubwa, na sifa ile ilimchosha kuliko lawama. Walikula pamoja, walisali pamoja, walilala wamepeana migongo. Mwezi ukafuata mwezi, mvua zikaja na zikaisha. Wazee walimwita kuwinda tena, naye akatafuta visingizio: baruti imeshika unyevu, bega linauma. Ukweli ni kwamba alichoka kuliona lile gobori. Alitamani arudi kule Chisenga siku ile, mfuko ukiwa mzito na kichwa kikiwa chepesi, apite mbele ya mchuuzi mnene bila kugeuza shingo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo sasa alikuwa amesimama pembeni mwa chumba chake na blanketi mabegani.

Asubuhi hiyo ya vumbi na buibui, baada ya Dorica kwenda shambani, Sampa alilichukua gobori akaenda nalo nyuma ya kijiji, penye kichuguu kirefu. Kafula alikuwa ametuma neno kwamba viboko wamerudi na kwamba safari hii hakuna udhuru. Basi alitaka kujaribu mkono. Aliweka kibuyu mbele ya kichuguu, akashindilia baruti, akaingiza risasi, akaisukuma kwa mdeki, akalenga bila haraka. Hapakuwa na mawimbi, hapakuwa na mnyama.

Risasi ikaingia kichuguuni, kushoto kwa kibuyu.

Sampa alishusha bunduki. Dorica aliungama, alijisemea. Nyumba ilikuwa safi. Basi ni nani tena? Na palepale, kabla hajajizuia, akili yake ilianza kutembea kijijini nyumba kwa nyumba. Yule fundi wa baiskeli. Mwalimu mpya. Ilimtafutia mkewe mwanamume mwingine kwa wepesi wa mtu anayechagua nyanya sokoni. Sampa aliisikia ikifanya hivyo. Akakaa chini kwenye majani, akaogopa, na aliyemwogopa ni yeye mwenyewe.

Alipotulia, alilenga tena. Tundu la pili lilifunguka karibu na la kwanza, kushoto kwa kibuyu. Alikumbuka maji yaliyoruka kushoto, upande wa matete, kila mara upande uleule. Alikumbuka sikio la kushoto. Akaingiza mkono mfukoni akatoa uzi wa nyavu.

Aliuvuta ukakaza ubavuni mwa mtutu, upande wa kushoto, kutoka kwenye fataki hadi mdomoni, akafumba jicho moja. Katikati, kati ya uzi na chuma, palikuwa na mwanga. Mwembamba, lakini mvuvi yeyote angeuona. Lingekuwa mtumbwi, asingeutolea hata senti.

Dorica aliporudi na muhogo kichwani alimkuta mumewe amekaa mlangoni, gobori limelala kwenye mapaja yake, wazi, bila blanketi. Alizunguka ili apite mbali nalo.

“Njoo ushike hapa,” alisema Sampa.

“Siwezi kugusa hicho.”

“Shika uzi tu, mke wangu.”

Alitua mzigo, akapiga magoti, akashika ncha ya uzi kwenye mdomo wa bunduki. Vidole vyake viligusa chuma na hakuna kilichotokea. Sampa akamwambia afumbe jicho moja. Akafumba, akatazama kwa muda. Mke wa mvuvi hahitaji kuelezwa kombo.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu Chisenga. Tangu siku ya kwanza.” Sampa alilifuata kombo kwa kidole. “Na yule kiboko aliyekufa, ni mkono wangu ulioruka. Kafula alimtaja Fanwell, mkono ukaruka kulia. Dorica. Kulikuwa na jambo lolote, wewe na Fanwell?”

“Umeuliza tena,” alisema Dorica.

Sampa akainamisha kichwa.

“Hakukuwa na kitu,” alisema mkewe, polepole, kama mtu anayelipa deni asilolikopa. “Walisema utakufa kwa ajili ya kimya changu. Nikaona heri unichukie ukiwa hai. Nikatafuta jina. Ningemtaja mtu aliye hai, mngemtoza faini, mngempiga, mkewe angemkimbia. Nikamtaja maiti, maiti hapigwi.” Akageuza uso kwenye ua wa matete. “Nilisahau kwamba maiti ana mke.”

Machozi yalimtoka bila sauti. Sampa alitaka kumshika bega, mkono ukaishia njiani. Alisema kwamba sasa ameelewa, kwamba ametambua hana kosa, kwamba uzi umeonyesha.

Dorica aliachilia ncha ya uzi.

“Na kama mtutu ungekuwa umenyooka?”

Alimngojea ajibu. Alimngojea kwa haki, akimtazama, mpaka kuku wakaanza kudonoa muhogo. Kisha akainuka akawafukuza.

Siku chache baadaye alifika mtu kutoka Puta, kijana wa kiume mwenye mashua yake na viatu vya ngozi. Sifa za gobori lililomwua kiboko wa Nchelenge zilikuwa zimefika huko kaskazini, zimenenepa njiani. Watu walimfuata kutoka ufukoni hadi uani kwa Sampa: Kafula mbele, Olipa nyuma yake, na wengine wasio na kazi. Mable alisimama upande wake wa ua wa matete. Begani mgeni alikuwa na wavu, mpya, wa nailoni, bado umefungwa kama ulivyotoka dukani.

“Nasikia umechoka kuwinda, mukwai,” alisema, akipiga makofi ya heshima. “Kwetu viboko wametushinda. Niachie silaha, mimi nikuachie huu.”

Aliuweka wavu juu ya mkeka. Ulilala pale ukimeta. Dorica, aliyekuwa kwenye kinu, aliacha kutwanga.

Hakuna kilichokuwa rahisi kama kukubali. Kila kitu kingerudi mahali pake, wavu kwa mwenye wavu, na gobori lingekwenda mbali lisionekane tena. Sampa aliutazama ule wavu, kisha akatazama ufukoni. Ndani ya mashua, chini ya mwavuli mweusi, alikaa mwanamke mdogo, vifundo vya miguu bado vina shanga za harusi, akimsubiri mumewe kwa uvumilivu wa mtu ambaye bado hajaulizwa kitu.

“Yule ni mkeo?”

“Ndiyo, mukwai. Tulioana juzi tu.”

Sampa alishusha pumzi.

“Siuzi,” alisema. Kisha akasema kwa sauti ambayo hakujua anayo, na watu walinyamaza, safari hii kweli. “Gobori hili lina kombo. Nilinunua bila kupima. Kila nililolikosa, nililikosa kwa ajili ya chuma, na siku niliyopiga nilipiga kwa kutetemeka. Mke wangu hakufanya lolote na Fanwell. Tulimkalisha chini tukamlazimisha, nami nilikaa nje nikisikiliza. Fanwell alikuwa mtu safi. Mjane wake asikie hilo kutoka kinywani mwangu.”

Alimpa mgeni ncha ya uzi. Mgeni akafumba jicho, akatazama, akarudisha. Mtu mmoja nyuma akacheka: kumbe mwindaji wetu ni kutetemeka tu! Kicheko kikawashika wengine. Cheo cha Sampa kilikwisha pale pale, na yeye hakuhisi kimemtoka kitu.

Kafula peke yake hakucheka. “Mtu akitaka kumficha mkewe,” alisema, akitikisa kichwa, “hata chuma atakisingizia.” Wako waliokubaliana naye, Sampa aliwaona. Wataendelea kukubaliana naye mpaka wazikwe. Olipa alikuwa ameshika mdomo kwa mkono wake, akimtazama Dorica, asijue aende kwake au aende nyumbani. Mwishowe akaenda nyumbani. Mgeni alichukua wavu wake, na mashua ikaondoka na mwavuli wake mweusi. Sampa aliposogeza macho kwenye ua wa matete, Mable alikuwa ameingia ndani.

Uwanja ukawa mtupu. Dorica akarudi kwenye kinu. Pigo, kisha ile nafasi, kisha pigo. Hakumshukuru, wala Sampa hakungojea shukrani. Lile swali la mtutu ulionyooka lilikuwa bado limesimama pale kati yao, na yote aliyoyasema mbele ya watu hayakulijibu.

Aliinuka akaenda kwenye ukuta wa jikoni. Mchi wa Mable ulikuwa pale pale, umepauka kwa mvua na jua. Akauchukua. Mwanamume hatwangi; watoto waliokuwa wakipita njiani walisimama vinywa wazi. Sampa alisimama upande wa pili wa kinu, akasubiri mchi wa mkewe uinuke, akashusha wake. Michi ikagongana. Alijaribu tena, akachelewa, unga ukarukia miguuni.

“Utanivunja mkono,” alisema Dorica, bila kuinua macho.

“Nifanyeje?”

“Usitazame mchi wangu. Sikiliza.”

Alisikiliza. Mapigo mawili yalipita sawa, labda matatu, kisha akapotea. Jasho lilimtiririka. Ng'ambo ya ua matete yalichakarika, na Mable akaonekana, ungo mkononi, uso umevimba kwa kulia. Hakuingia. Hakumtazama Dorica. Alikuwa akiutazama mchi wake katika mikono ile ya mvuvi.

“Huo si kasia,” alisema.

Hakuondoka. Dorica aliusimamisha mchi wake juu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

“Anza tena,” alimwambia mumewe.